Kilo Moja na Nusu ya Manukato

Pale kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Pua. Alilipata jina hilo mwaka wake wa pili kazini, asubuhi aliposimama mlangoni mwa stoo na kusema kuna mafuta yamechacha huko nyuma. Wakapekua, wakahamisha maboksi, na kweli wakalikuta dumu lenyewe. Tangu hapo akakabidhiwa sufuria kubwa la kuchanganyia losheni. Sufuria lilikuwa la chuma cha pua, na wenzake hawakuchoka kumtania kwamba hata chuma kimepewa jina lake.

Alisimama mbele ya sufuria hilo miaka kumi na minane. Maji yalichemshwa upande mmoja, nta na mafuta yakayeyushwa upande wa pili, vikakutanishwa na kupigwa mpaka viwe vyeupe na vizito, kisha vikaachwa vipoe. Manukato yalitiwa mwisho kabisa, maana yakikuta moto huruka yote. Pishi moja lilikuwa kilo mia. Likikamilika, Pua alijaza karatasi ya pishi: kilichotiwa, kiasi chake, tarehe, na sahihi. Losheni iliyoganda kwenye kuta za sufuria wafanyakazi waliruhusiwa kuikwangua wakaenda nayo nyumbani. Wengine waligombania. Pua alijaza kopo moja tu, la mdogo wake.

Mdogo wake huyo alikuwa kitinda mimba wa mama yao, na jina la Kitinda lilimganda hata alipokuwa mtu mzima wa miaka thelathini na tatu, anaishi na mama na kumtunza. Pua alimlea mgongoni tangu yeye mwenyewe akiwa na miaka kumi na mmoja. Sasa Kitinda alikuwa msusi. Kwenye saluni yao yenye viti vinne, wateja walikuwa radhi wakae benchi saa nzima wakimngoja yeye huku viti vingine vikiwa vitupu. Mkono wake ulikuwa mwepesi, lakini mdomo wake ndio uliowavuta zaidi. Angekusimulia habari za jirani yake mpaka ukasahau kwamba unavutwa nywele. Kwa siku alinawa mara kumi na tano, na kila akinawa alipaka losheni kutoka kwenye lile kopo.

"Nyinyi mnanunua ya chupa," aliwaringia wateja. "Hii yangu inatoka jikoni kwa mpishi mwenyewe."

Kisha manukato ya zamani yakaacha kuletwa. Likaja dumu la buluu lenye manukato mapya, pamoja na karatasi yake ya usalama, kurasa sita za maandishi madogo. Pua aliizoea kazi ya kusoma karatasi hizo, ingawa hakuna aliyemtuma. Alitia kiasi kilichoandikwa, akakoroga, akamwita meneja. Meneja alichovya kidole, akanusa, akakunja uso.

"Hii hainukii kitu."

"Nimetia gramu mia tatu, bosi. Ndicho kiwango."

"Kiwango cha nani?"

"Chao wenyewe waliotengeneza manukato. Wanasema kwa kitu kinachobaki kwenye ngozi, isizidi mia tatu kwa kilo mia. Wamekoleza wino kabisa. Ikizidi inaweza kuleta mzio."

Meneja hakuwa mtu wa kelele. Alizungumza na wafanyakazi kama anayewaomba radhi, na pengine ndiyo sababu ilikuwa vigumu kumkatalia. "Mama, mteja akiingia dukani anafanya nini? Anafungua kifuniko, ananusa. Hana habari na karatasi. Hawa wanaoandika haya wanajikinga tu. Hata kiberiti kimeandikwa kwamba kinaunguza. Weka kilo moja na nusu."

"Hiyo ni mara tano, bosi."

"Ni manukato, mama, si sumu. Weka tuone."

Akaweka. Harufu ikajaa ukumbi mzima, tamu, ya maua meupe yaliyoloana, na akina mama wa kufungasha wakaacha meza zao kuja kuchungulia sufuria. Meneja akatabasamu, akaenda zake. Pua akajaza karatasi: manukato, gramu elfu moja na mia tano. Kalamu ilisita kidogo kwenye nafasi ya sahihi. Akajiambia kwamba bosi ndiye mwenye kiwanda mkononi, na kwamba yeye amezamisha mikono humo miaka yote bila kuota hata kipele. Akatia sahihi, kisha akakwangua kopo la Kitinda.

Haukupita mwezi wa tatu, Kitinda akaanza kulalamika.

"Dada, mikono inaniwasha katikati ya vidole."

"Ni hizo shampuu zenu," Pua akamjibu. "Paka zaidi, ngozi imekauka."

Kitinda akapaka zaidi. Vikatoka vilengelenge vidogo kama mbegu za nyanya, vikapasuka, na penye vilengelenge ngozi ikachanika mistari. Akanunua glavu za mpira, lakini msusi asiyegusa nywele kwa ncha za vidole ni sawa na kipofu, akazivua. Akawa anasuka huku amebana meno. Halafu akajifikicha macho, na kesho yake kope zikavimba mpaka akawa anaona kwa upenyo. Siku mteja mmoja alipojifuta paji la uso na kukuta alama ya damu ambayo si yake, mwenye saluni alimwita Kitinda pembeni. Hakumfukuza. Alimwambia apumzike mpaka apone, na kiti chake kitamngoja. Wiki iliyofuata kiti kilikuwa na mtu mwingine.

Pua aliyajua yote haya, lakini ilikuwa alasiri ya Jumapili alipoyaona. Alikuwa amekaa sebuleni kwa mama. Mama alikuwa akimfunga Kitinda vifungo vya blauzi kama anavyofungwa mtoto wa chekechea, akinung'unika kwamba mwanawe ameanza kuzeeka kabla yake. Kitinda akalivuta kopo kwa viganja, akachota losheni, akajipaka juu ya michaniko huku akivuta pumzi kwa meno. Harufu ya maua ikamfikia Pua pale alipokaa. Ule mstari wa wino uliokolezwa ukamjia wote, neno kwa neno.

"Hebu iache hiyo siku chache," akasema.

"Kwa nini?"

"Iache tu. Ngozi ipumzike."

Kitinda alimtazama dada yake kwa yale macho yaliyovimba, akangoja maelezo zaidi. Kisha akafunga kopo.

Mikono ikapata nafuu. Akarudi saluni kusaidia kuosha nywele, lakini wasusi wenzake walikuwa wakiwapaka wateja losheni hiyo hiyo, ile ya chupa, na baada ya siku mbili mikono ikafumuka upya, safari hii mpaka kwenye viwiko. Ndipo akaandikiwa barua ya kwenda kwa daktari wa ngozi. Pua aliomba ruhusa kazini, akamsindikiza.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, asiye na haraka. Alimbandika Kitinda vipande vidogo mgongoni, safu baada ya safu, kila kimoja na dawa yake, akamkataza kuoga mgongo. Kimoja alikipaka losheni ya kutoka kwenye kopo. Baada ya siku mbili alivibandua, akachora alama, akawaambia warudi tena baada ya siku mbili nyingine. Waliporudi, alimgeuza Kitinda kwenye mwanga wa dirisha.

"Njoo uone, mama," akamwambia Pua. "Mwenyewe hawezi kujiona mgongo."

Sehemu nyingi zilikuwa safi. Mahali palipobandikwa manukato ya kupimia palikuwa pekundu. Mahali pa losheni palikuwa pameumuka, pana malengelenge, kana kwamba mtu amebandika pasi ya moto ya ukubwa wa kifungo.

"Manukato haya hutengenezwa maabara," daktari akaeleza. "Ndani ya dumu moja mna vitu ishirini, thelathini, pengine mia. Vingi havina neno. Lakini vipo ambavyo vikizidi kiasi, na mtu akavipaka kila siku, mwili wake huanza kuviona kama adui. Si kila mtu. Wengine watapaka maisha yao yote wasidhurike. Ila mwili ukishamjua adui, haumsahau."

"Mpaka lini?" Kitinda akauliza.

"Hausahau, mwanangu. Mikono itapona. Ikikutana nacho tena, hata kidogo, itarudi hivi hivi."

Akaketi, akavua miwani. "Ninachotaka ni kujua ni kipi. Nikikijua, nitakuandikia cha kuepuka, na pengine utarudi kazini kwa tahadhari. Nisipokijua, itabidi uepuke kila chenye harufu, na kwa kazi yako hakitabaki kitu. Kwenye chupa wameandika neno moja tu, manukato. Nimewaandikia barua. Wamenijibu kwamba ni siri ya biashara."

Kitinda akacheka, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. "Basi nina bahati, daktari. Mpishi wao si huyu hapa? Ni dada yangu."

Akamgeukia Pua na uso uliojaa matumaini.

"Nitaangalia," Pua akasema.

Ilimchukua siku tisa. Hakuwa na cha kuangalia, kwa sababu alijua vizuri karatasi ilipo. Ilikuwa kwenye faili la kijani, rafu ya pili, na nyuma yake zilikuwa zimebanwa karatasi zote za pishi tangu siku ile ya kwanza, kila moja na sahihi yake. Kila asubuhi alipita mbele ya faili, na kila asubuhi akapata kazi nyingine ya kufanya kwanza. Alifikiria kuchukua zile kurasa sita tu na kuyaacha mengine. Daktari angepata jina, Kitinda angepata orodha yake, na hakuna ambaye angeuliza kiasi. Lakini katika siku hizo tisa sufuria halikusimama. Alimimina mapishi sita mengine kwa kipimo kile kile, na kila alipoinamisha dumu alijikuta akihesabu kilo mia moja zinajaza chupa ngapi, na chupa hizo zinakwenda kwenye mikono ya nani. Siku ya kumi, saa ya mapumziko, alibeba faili zima chini ya koti lake mpaka duka la fotokopi, akatoa nakala ya kila ukurasa, akalirudisha kabla mtunza stoo hajamaliza kula.

Aliipeleka bahasha kwa daktari siku ambayo Kitinda alikuwa na miadi. Daktari alisoma polepole, akishuka na kidole, na kwenye ukurasa wa tatu kidole kikasimama. "Hiki hapa," akasema, akaandika. Kisha akafungua kurasa za nyuma. Alitazama, kisha akamtazama Pua. Kitinda aliyekaa pembeni, mikono yote imefungwa pamba na bendeji, akainamia meza.

"Na hii nini?"

"Karatasi ya pishi," Pua akajibu. "Tunaandika tulichotia."

"Elfu moja na mia tano. Mbona kule mbele wameandika mia tatu?"

"Ndiyo."

"Hii sahihi ya nani?"

"Yangu."

Kitinda akaisoma tarehe. Midomo yake ilikuwa inahesabu miezi. "Uliniambia ni shampuu, dada."

"Ndiyo."

"Uliniambia nipake zaidi."

Daktari akajishughulisha na droo ya meza.

"Na ile Jumapili uliponiambia niache, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa na wasiwasi."

"Nimekuuliza ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Kitinda akasimama. Kitasa kilimshinda kwa ile mikono, akakishusha kwa kiwiko, akatoka. Pua alimsikia akienda mpaka mwisho wa ukumbi, hatua za mtu asiye na haraka wala asiyegeuka.

Daktari alizipeleka karatasi kwa wakaguzi wa vipodozi. Alikuwa na wagonjwa wengine tisa wenye doa lile lile mgongoni, kati yao mama mmoja aliyejifungua miezi miwili nyuma ambaye hakuweza kumshika mwanawe bila kitambaa. Wakaguzi walifika kiwandani Jumanne, wakafunga stoo, wakapima losheni. Meneja aliwapokea kwa upole wake ule ule.

"Huyu mama ni mkongwe hapa," akawaambia, macho makavu, Pua akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. "Siku hizi mkono umekuwa mzito. Kiwango chetu ni mia tatu, karatasi ya usalama iko wazi. Makosa kaandika kwa mkono wake mwenyewe."

Ni kweli aliandika kwa mkono wake. Amri ilitolewa kwa mdomo, na walioisikia ni yeye na sufuria. Akina mama wa kufungasha, waliokuwa wakimchekea kila siku, walitazama sakafu. Jioni ya siku hiyo unga wake ukamwagika. Alikabidhi koti na buti za mpira, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Miezi miwili hakuonana na Kitinda. Alipiga simu, mama akapokea, akasema mdogo wako amelala. Saa nne asubuhi, saa tisa alasiri, daima Kitinda alikuwa amelala. Pua alijua sauti ya mama anapodanganya, hakumlaumu.

Walikuja kukutana mbele ya kamati ya wakaguzi, kwenye chumba chenye meza ndefu na feni inayolia. Meneja alirudia maneno yake. Pua alieleza yake, kwamba aliambiwa, na mwenyekiti akamuuliza kama ana shahidi au maandishi. Hakuwa navyo. Kisha akaitwa Kitinda. Bendeji zilikuwa zimepungua, lakini ngozi ya vidole ilikuwa nyembamba na inang'aa kama ngozi ya kitunguu.

"Unaamini umeumia kwa uzembe wa dada yako?" mwenyekiti akamuuliza.

"Dada yangu hana mkono mzito," Kitinda akasema. Hakumtazama Pua. "Nimepaka losheni yake tangu nikiwa binti. Na karatasi zenu nimezisoma, daktari alinipa. Ni mapishi arobaini na saba. Yote elfu moja na mia tano, hakuna elfu moja na mia nne, hakuna mia sita. Mtu anayekosea mizani hakosei mara arobaini na saba kwa gramu zile zile. Huyo anafuata alichoambiwa."

Mwenyekiti akainamia karatasi zake. Kitinda alikuwa bado amesimama.

"Na alikuwa anajua. Hilo nalo liandikwe."

Likaandikwa. Kamati ilitoa uamuzi baada ya wiki tatu. Kiwanda kilitozwa faini na kuamriwa kuondoa losheni madukani. Meneja alihamishiwa kwenye kiwanda kingine cha mmiliki yule yule, na Pua akakatazwa kuchanganya vipodozi popote. Kabla mwaka haujaisha losheni ilirudi madukani na jina jipya na chupa ya rangi nyingine. Kama kipimo kilikuwa mia tatu au zaidi, Pua hakuwa na namna ya kujua. Aliinusa mara moja kwenye rafu ya duka, akairudisha.

Lakini siku ile ya kamati, kikao kilipokwisha, alimfuata Kitinda kwenye ngazi. Hakujua anataka kusema nini. Alinyoosha mkono tu, kama alivyokuwa akimshika bega tangu utotoni, na Kitinda akarudi nyuma vidato viwili.

"Usinishike. Umepaka nini?"

"Sijapaka kitu. Nimeoga tu."

"Kwa sabuni gani?"

Ilikuwa sabuni yoyote, ya kipande, aliyoinunua njiani. Alijinusa mkono wake na harufu ilikuwapo, nzito, ya waridi la maabara, na yeye aliyeitwa Pua alikuwa ametembea nayo tangu asubuhi bila kuisikia. Akaurudisha mkono ubavuni.

"Mama anakuuliza kila siku," Kitinda akasema kutoka pale chini. "Ukija, oga kwa maji matupu. Na nguo zako zifue kwa sabuni isiyo na harufu, uzianike uani kwako, si kwa jirani anayetia marashi."

"Umenisamehe?"

"Nimekwambia mama anakuuliza."

Akateremka ngazi. Pua alingoja mpaka alipotoka getini ndipo naye akashuka.

Alikwenda Jumamosi iliyofuata. Aliogea maji matupu, akavaa gauni alilolifua mara tatu. Kitinda alifungua mlango, akasimama kidogo akivuta hewa kwa pua, kisha akapisha. Alimsogezea kiti kwa mguu, karibu na dirisha, mbali na kochi lake mwenyewe. Alikuwa na kazi mezani: duka moja la ushonaji lilimpa vifungo avipange kwa ukubwa na rangi, naye alivichambua kimoja kimoja akiwa amevaa glavu nyeupe za pamba, taratibu, kwa sababu vidole havikuwa vimerudisha nguvu. Mama aliuliza habari za huko, Pua akasema njema. Akasema ameajiriwa kufagia shule. Mama akasema paa linavuja juu ya jiko, na fundi ameahidi kuja tangu mwezi jana. Kitinda akasema fundi huyo hana lolote, labda aitwe yule wa mtaa wa pili.

"Nitapita kwake nikirudi," Pua akasema.

"Pita," Kitinda akamjibu, akaendelea kuchambua vifungo.